Kuhifadhi Maji ya Bafuni Bila Kudhuru Macho

Kijitabu kwa kaya za Mitundu

Kiangazi

Mvua zetu za Singida ni za msimu mmoja tu, aghalabu tangu Novemba hadi Aprili, na baada yake ndoo ya lita 20 huwa na thamani asiyohitaji kuelezwa mama aliyeibeba kichwani. Kwa hiyo hatumlaumu afanyaye iktisadi ya maji. Tunalolaumu ni iktisadi ianziayo usoni mwa mtoto.

Uso

Beseni moja likitengwa asubuhi, watoto wanne wakanawa humo kwa zamu, kisha wote wakafutwa kwa upindo wa kanga ile ile, tongo za wa kwanza zimekwisha kufika machoni mwa wa nne. Ndivyo trakoma inavyoenea, maradhi yanayorudia na kurudia hata ukubwani kope zikapinda ndani na kukwaruza jicho, bibi wa watu akawa haachani na kibano cha kujing'olea kope, na hatima yake ni upofu. Utafiti wa vijiji vya Kongwa, kwa jirani zetu wa Dodoma, uliochapishwa mwaka 1995, ulidhihirisha kwamba watoto wanaodumishwa nyuso safi hupungukiwa na trakoma kali.

Maji ya uso hayarudiwi. Mmiminie kila mtoto kwa kikombe. Kikombe kimoja chatosha.

Kuoga

Jilowanishe, jisugue kwa sabuni, ndipo ujimwagie kwa kopo. Waislamu wamepokea kwamba Mtume akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi, au zaidi kidogo. Israfu haina udhuru.

Mikono

Hapa msibane. Kibuyu chirizi na sabuni vikae mlangoni pa choo.

Maji yaliyokwisha kuogewa

Yasafishie choo au yamwagie mpapai, wala yasiachwe yakatuama nyuma ya bafu yakawa makao ya mbu. Asinawishwe mtoto uso kwa maji hayo, hata yakionekana meupe, hata kama ni ya nduguye wa tumbo moja: maji ya uso hayarudiwi.

Choo

Kifunikwe daima, kwani nzi wa macho huzaliana katika kinyesi kilicho wazi.

Jicho likiuma

Msitie majani, mkojo wala maziwa. Nendeni zahanati, na mzee ambaye kope zimekwisha kupinda naye apelekwe, kwa kuwa upasuaji wake ni mdogo na hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.