Kuchagua Rili ya Kutupia Mshipi Mbali na Kujifunza Kuitumia

Maji yapitayo mashariki ya Kathonzweni katika Mto Athi hayaishii Ukambani. Huteremka mpaka Tsavo, na yakishakutana na Mto Tsavo huitwa Galana. Mbele zaidi huitwa Sabaki, kisha huingia katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Mkunga wa mtoni, samaki yule mrefu kama nyoka, aijua njia hiyo nzima, kwa kuwa huzaliwa baharini, hupanda mto akiwa mdogo, na akishakuwa mkubwa hurudi baharini kuzaa. Basi chombo kinachotumiwa na wavuvi wasimamao ufuoni mbele ya mawimbi chaweza pia kumfaa mtu asimamaye juu ya ukingo wa Athi.

Chombo hicho ni rili, yaani gurudumu dogo la kukunjia mshipi, ambalo hufungwa juu ya ufito. Ziko aina mbili kubwa. Katika aina ya kwanza bobini husimama tu, na mshipi huchomoka kwa kuvuka ukingo wake. Hiyo ni rahisi kwa mwanafunzi. Katika aina ya pili, ndiyo aina ya zamani na ndiyo habari ya makala haya, bobini yenyewe huzunguka, mshipi unapotoka na unapoingia, mfano wa gogo la kisima linalokunja kamba ya ndoo. Fundi mmoja wa saa huko Kentucky, Marekani, jina lake George Snyder, alitengeneza rili za namna hiyo zenye meno ya chuma yapata mwaka 1820, hata mvuvi akizungusha mkono mara moja bobini huzunguka mara kadhaa. Rili za siku hizi huzunguka mara nne mpaka sita kwa mzunguko mmoja wa mkono.

Kwa nini mtu ajisumbue na chombo kilicho kigumu zaidi kujifunza? Kwanza, kina nguvu. Mshipi huingia moja kwa moja juu ya bobini bila kupindwa, kwa hiyo hustahimili chubwi zito na samaki mkubwa. Kwenye mdomo wa Sabaki mvuvi hutupa chubwi la gramu 110 mpaka 170, kwa kuwa chubwi jepesi hurudishwa ufuoni na mawimbi, na huko wako kolekole, taa na papa ambao hawavutwi kwa uzi wa kushonea. Pili, na kwa watu wa Athi hili ndilo kubwa, kutupa mbali humwezesha mtu kukaa mbali na maji. Mamba wa mto huo wamekwisha kuua watu na kuwavunja wengine viungo. Mtu avuaye kwa kijiti kifupi hana budi kuinama ukingoni, na wengine huingia majini mpaka magotini; mwenye rili husimama juu ya ukingo mrefu, hatua nyingi nyuma, na bado chambo chake chafika katika kina alipo kambare.

Hata hivyo, mtu asinunue rili kwa sababu ameiona kwa jirani. Ambaye nia yake ni kuvua perege katika bwawa dogo la shambani hana haja nayo kabisa; ufito wa mwanzi, mshipi mwembamba na ndoana ndogo vyamtosha, na fedha zake zitafaa kazi nyingine. Rili ya bobini inayozunguka haipendi chambo chepesi.

Akiwa na haja nayo kweli, atazame mambo haya dukani. Bobini iwe na nafasi ya mshipi wa mita 250 hivi, wa unene wa milimita 0.35, ambao kwa kawaida hukatika kwa uzito wa kilo 7 au 8. Azungushe mkono polepole na kusikiliza: meno mazuri hayakwaruzi. Aachilie klachi, kile kijiti kinachoitenga bobini na mkono wa kuzungushia, aisukume bobini kwa kidole, na aone kama yazunguka kwa muda mrefu bila kuyumba. Kisha atazame breki. Ziko mbili, na wengi huzichanganya. Moja huipunguza mbio bobini wakati wa kutupa. Katika rili za siku hizi ni sumaku, au vipande vidogo vinavyosukumwa nje na mwendo wenyewe wa bobini. Ya pili ni lile gurudumu lenye ncha kama nyota karibu na mkono, ambalo kazi yake ni kumpa samaki mshipi anapovuta kwa nguvu, usije ukakatika. Breki hiyo ya nyota ilianza kutumiwa Marekani mnamo mwaka 1913, na kabla yake mvuvi alizuia bobini kwa kipande cha ngozi na kidole chake, naye aliumia mara nyingi.

Rili iliyotumika si mbaya ikiwa haikuliwa na chumvi. Mnunuzi aombe ifunguliwe ubavu. Akiona unga wa kijani au mweupe ndani, aiache.

Sasa kuhusu kujifunza. Taabu moja kubwa ya rili hii ni mshipi kufumana. Chubwi linaporuka huivuta bobini, nayo huzunguka maelfu mengi ya mara kwa dakika. Lakini chubwi hupungua mbio hewani, na bobini haijui jambo hilo. Huendelea vile vile, humwaga mshipi kuliko chubwi linavyouchukua, na mara mbele ya mvuvi pana fundo kubwa kama kiota cha ndege. Hatari ni mara mbili: mwanzoni, mtu akitupa kwa kishindo, na mwishoni, chubwi linapogusa maji huku bobini ikiendelea. Upepo wa usoni huongeza hatari hiyo, na ndiyo sababu kutupa katika pwani ya Malindi ni kugumu zaidi wakati wa kusi.

Dawa ni kidole gumba. Hukaa juu ya mshipi kwa nguvu mpaka wakati wa kuachilia, kisha huinuka kidogo tu, kikiwa tayari kama mguu wa dereva juu ya breki, na hukandamiza tena chubwi linapokaribia kutua. Kidole hakifundishwi kwa maneno. Hufundishwa kwa mazoezi, na mazoezi hayo hayahitaji maji. Hapo mtu wa Kathonzweni hana upungufu wowote, maana uwanda mkavu wamfaa mwanafunzi kuliko ufuo.

Achague uwanja mpana usio na watu, watoto wala mifugo, kwa umbali wa mita 150 mbele yake na pande zote. Afunge chubwi pasipo ndoana. Akaze kifuniko cha ubavuni mpaka chubwi likiachiliwa lishuke taratibu na bobini isimame lifikapo chini. Breki ya kutupia aiweke mwisho kabisa. Kisha atupe kwa nusu ya nguvu, hatua 40 tu, na arudie mpaka mshipi usifumane hata mara moja katika mara 20. Ndipo alegeze breki kidogo na kuongeza nguvu. Wengi huharibu kazi kwa kutaka hatua 100 siku ya kwanza. Wakati wa kukunja, aupeleke mshipi huku na huku kwa kidole ujipange sawasawa, kwa kuwa rili nyingi za pwani hazina kijiti cha kuupanga. Bobini isijazwe mpaka ukingoni. Ibakizwe nafasi ya milimita 3.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha. Mshipi mwembamba hauwezi kustahimili kishindo cha chubwi zito, na ukikatika katikati ya kutupa, lile risasi huruka kama jiwe la kombeo na laweza kumwua mtu. Kwa hiyo mbele yake hufungwa mshipi mnene wa mita 8 au 9, wenye kutosha kuzunguka bobini mara tano au sita wakati ufito ukiwa tayari kutupwa. Kipimo chake ni rahisi: kwa kila gramu 28 za chubwi, kilo 4 na nusu za nguvu ya mshipi. Chubwi la gramu 140 lataka mshipi mnene wa kilo 23.

Breki ya nyota nayo ipimwe kabla ya kwenda kuvua. Mshipi hufungwa kwenye mizani ya kuning'iniza na kuvutwa. Ikiwa hukatika kwa kilo 8, bobini ianze kutoa mshipi mzani ukionyesha kilo 2 au 2 na nusu.

Kabla ya kuvua, iwe Athi au Malindi, mtu aulize ofisi ya uvuvi kuhusu leseni chini ya sheria ya mwaka 2016, na asivue ndani ya mbuga ya Tsavo bila ruhusa. Samaki akifika ukingoni mwa Athi, avutwe juu kwa ufito, asifuatwe majini kwa mkono, wala asipasuliwe hapo hapo, maana damu na matumbo huwaita mamba.

Rili isilazwe mchangani. Ikitoka baharini huoshwa siku ile ile kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, yakimwagwa taratibu, si kwa nguvu, kwa kuwa nguvu huisukuma chumvi ndani. Hukaushwa kivulini, hutiwa tone moja la mafuta mepesi kila upande wa mhimili, na breki ya nyota hulegezwa mpaka safari nyingine.