Bunduki ya Mjerumani na Risasi ya Kwanza

Swali: Msomaji wa Ilomba, Mbeya, anataka kununua bunduki ya kale ya Kijerumani na kuijaribu, aanzie wapi?

Jibu: Aanzie polisi, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni. Ikiwa ubavuni pamechongwa “I.G. Mod. 71”, hiyo ni Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11 na kubeba risasi moja tu, ambayo baadhi ya askari wa Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Wajerumani, walikuwa wakiitumia hata mwaka 1914, moshi wake mzito ukiwafichua kwa adui. Moshi huo ulitokana na baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, na hapo ndipo penye hatari kubwa: baruti ya kisasa isiyo na moshi huzalisha shinikizo linaloweza kuupasua mtutu wa namna hiyo. Kwa hiyo fundi wa silaha mwenye leseni aukague kwanza mtutu na chemba, yaani tundu linalopokea risasi, akitafuta nyufa na mashimo ya kutu. Akiridhika, risasi ya kwanza ifyatuliwe kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, bunduki ikiwa imefungwa imara na kifyatuo kikivutwa kwa kamba ndefu, kamwe si begani.