Jicho na Sikio: Somo Kutoka Ramani ya Serengeti na Tarime



Umewahi kujiita "kilaza" kwa sababu kompyuta haikuingii kichwani, au Kiingereza kinakukwama mdomoni? Basi twende Mara tukajifunze.

Wilayani Serengeti na Tarime wapo mabinti wanaokimbia nyumbani kukwepa ukeketaji, hasa likizo ya Desemba. Kuna wanaopokelewa Mugumu, kwenye nyumba salama inayoongozwa na Rhobi Samwelly, na wengine kituo cha Masanga, Tarime. Shida ilikuwa hii: binti anaomba msaada, anataja kitongoji, lakini kwenye ramani hakipo. Waokoaji waende wapi?

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map. Watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi hutazama picha za setilaiti, wakachora nyumba na njia kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Kazi hiyo inataka jicho: mtu wa kutofautisha paa la nyasi na kivuli cha mti, tena bila kuchoka. Lakini jina la kitongoji halionekani kutoka angani! Hapo wanahitajika wenyeji, wapite na simu zao, waulize, waandike majina. Kazi hiyo inataka sikio. Ni eneo la Kikuria, Kingoreme na lugha nyingine. Jina likiandikwa vibaya, gari linaweza kwenda kusiko.

Jicho bila sikio, binti haonekani. Sikio bila jicho, vilevile.

Ndivyo akili zetu zilivyo. Mmoja anakumbuka njia kwa picha, mwingine kwa maneno. Mmoja anaona kosa dogo kwenye programu ndefu, ila akisimama mbele za watu anatetemeka. Hiyo siyo nafasi ya kwanza na ya mwisho darasani. Ni kazi tofauti.

Musa alimlalamikia Mungu kwamba ulimi wake mzito. Mungu akampa Haruni awe msemaji (Kut 4:10-16). Bezaleli naye alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya ufundi wa dhahabu, mawe na mbao (Kut 31:1-5). Kumbe hata ufundi ni karama!

Lakini kipaji kisiwe kisingizio. Mt. Carlo Acutis, aliyefariki 2006 akiwa na miaka 15, alipenda kompyuta, akaitumia kutangaza Ekaristi. Mt. Yohane Maria Vianney alisumbuliwa sana na Kilatini, ila hakukiacha, alipadrishwa 1815. Kinachokuwia rahisi, kitoe. Kinachokuwia kigumu, kifanyie mazoezi, na uombe msaada bila aibu.

Zoezi la wiki: Mtafute mwenzako mmoja ambaye akili yake haifanani na yako. Mwambie unachokiona kwake. Kisha mjiulize: ni nani kijijini au mtaani kwetu anayehitaji kazi yetu wawili?

Tusali: Ee Bwana, asante kwa akili uliyonipa. Nisiidharau, wala nisimdharau mwenzangu. Uwalinde mabinti walio njiani usiku huu. Amina.