Mnara Ukizimika Nchelenge

Vijiti vya mtandao vimejaa, mbona nikipiga haiendi?

Vijiti vinaonyesha kuwa simu yako inausikia mnara. Havisemi kama mnara una nafasi. Kwa 2G, inayotumiwa na simu nyingi za vitufe, chaneli moja ya redio hugawanywa vipande 8, na katika chaneli ya kwanza ya mnara angalau kimoja hushikwa na kazi za mtandao wenyewe. Hapo hubaki vipande visivyozidi 7 vya maongezi. Mnara huwa na chaneli kadhaa, lakini usiku ambao upepo umevuruga Ziwa Mweru na kila nyumba inamtafuta mvuvi wake, zote hujaa.

Ujumbe mfupi je?

Huo hauhitaji kushikilia nafasi kama maongezi, na ukikwama hutunzwa hadi upenyo upatikane. Andika kwa mkato: “Mtumbwi umezama karibu na Isokwe, tuko 4.” Familia zenye watu Mantapala, Kashikishi na Pweto, upande wa Kongo, zichague ndugu mmoja wa kupokea habari, wengine wamuulize yeye.

Umeme umekatika asubuhi, mnara umekufa jioni. Kwa nini?

Ulikuwa unakula betri. Hapa ndipo penye ugonjwa hasa, ingawa lawama zote huangukia “mtandao”. Mwaka 2024 ukame ulilipunguzia maji bwawa la umeme la Kariba, serikali ya Zambia ikatangaza janga la taifa tarehe 29 Februari, na mgao wa umeme ukawa mkali mno. Betri inayopata umeme kwa muda mfupi haijai. Kesho yake inaanza ikiwa nusu. Kinachobaki ni jenereta, nayo inataka dizeli, na dizeli inataka barabara inayopitika. Mnara mmoja ukizimika, simu za hapo hukimbilia wa jirani na kuujaza.

Nikiwa ziwani?

Maji hayazuii mawimbi ya redio yanayopita juu yake, ila 2G ya kawaida ina kikomo cha kilomita 35 kutoka mnarani. Wakati mwingine simu hushika mnara wa ng’ambo: umekaa zako ufukweni unakula samaki, mara unakaribishwa Kongo kwa ujumbe, na salio linaliwa kwa bei ya ugenini. Namba ya dharura, 112, huweza kupita kwenye mnara wowote unaosikika, hata usio wa laini yako. Lakini ukishikwa na mnara wa Kongo, simu hiyo itaelekezwa Kongo. Kwa hiyo weka pia namba ya mtu aliye ufukweni mwenye mtumbwi wa injini, na simu uifunge kwenye plastiki kabla ya kupanda chombo.