Kipepeo msafiri na gugu lisilotakiwa

Wakitajwa wanyama wanaohama, wengi wetu tunakumbuka nyumbu wa Serengeti wakivuka Mto Mara. Wiki hii naomba nimzungumzie mhamaji ambaye uzito wake haufiki hata gramu moja. Huyu ni kipepeo wa Amerika Kaskazini aitwaye monaki, jina lenye maana ya mfalme. Nimemchagua kwa sababu habari yake inamhusu kila mwenye mazoea ya kudhani kwamba kitu kisichomfaa yeye hakimfai yeyote.

Kipepeo huyu hutaga mayai yake kwenye mimea ya jamii moja tu, ambayo Wamarekani wameipa jina la gugu la maziwa, kwa kuwa jani lake likivunjwa hutoa utomvu mweupe. Kiwavi akishaanguliwa hula majani hayo kwa wiki mbili hivi, kisha hugeuka pupa. Tangu yai mpaka kipepeo ni kama mwezi mmoja. Utomvu ule una sumu ya kudhuru moyo, lakini kiwavi anaistahimili na kuihifadhi mwilini mwake, nayo hubaki hata akishaota mabawa. Katika miaka ya 1960, mwanasayansi Lincoln Brower alionyesha kuwa ndege aliyemla kipepeo huyu alitapika, na baada ya hapo hakumtaka tena. Kwa hiyo rangi yake ya machungwa yenye mistari myeusi ni onyo kwa ndege.

Sasa tuitazame safari yenyewe. Vipepeo wanaozaliwa katikati ya kiangazi huishi wiki mbili mpaka sita tu. Lakini wale wanaotoka mwishoni mwa kiangazi, siku zinapokuwa fupi na baridi inapokaribia, hawazai kwanza. Hujaza mafuta mwilini na kushika njia ya kusini, na wanaweza kuishi mpaka miezi minane. Baadhi yao hutoka Kanada na kusafiri kilomita 4,000 hivi mpaka milima ya katikati ya Mexico, kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 3,000. Huko hutua kwa mamilioni kwenye miti ya jamii ya msonobari, ambayo wenyeji huiita oyamel, mpaka matawi yanainama.

Mwezi Machi huanza kurudi kaskazini, hutaga mayai kusini mwa Marekani, na hapo maisha yao yanakwisha. Watoto na wajukuu ndio wanaoendelea na safari. Anayeshuka Mexico mwaka huo ni kitukuu au kilembwe cha wale waliotoka huko. Hajawahi kufika, wala hana mzee wa kumwonyesha njia! Wataalamu wamebaini kuwa hutumia jua kama dira, na utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa saa ya kulirekebisha jua hilo linavyosogea imo ndani ya vipapasio vyake.

Dunia ilikuja kuijua milima hiyo mwaka 1975, wakati Ken Brugger na mkewe Catalina Aguado walipofika huko. Walikuwa wakimsaidia Profesa Fred Urquhart wa Kanada, ambaye yeye na mkewe Norah walikuwa wameitafuta kwa miongo mingi. Inasemwa kuwa waligundua. Mimi naona neno hilo litumike kwa tahadhari, kwa sababu wanavijiji wa pale walikuwa wakiwaona vipepeo hao kila mwaka tangu enzi za mababu zao.

Na hapa ndipo penye hoja yangu. Mwaka 1986 serikali ya Mexico ilianza kuihifadhi misitu hiyo, na mwaka 2000 eneo likapanuliwa. Wakulima maskini waliokuwa wakiishi kwa kukata miti wakaambiwa waache. Ni kweli ukataji wa miti ulikuwa unaleta madhara. Lakini vipepeo waliendelea kupungua. Msimu wa baridi wa 1996/97 walifunika zaidi ya hekta 18 za msitu. Msimu wa 2013/14 walifunika hekta 0.67, eneo lisilotosha hata kiwanja kimoja cha mpira.

Je, ni mwanakijiji wa Mexico peke yake wa kulaumiwa? Kuanzia mwaka 1996, wakulima wakubwa wa Marekani walianza kupanda soya, kisha mahindi, yaliyobadilishwa vinasaba ili yasife kwa dawa ya kuua magugu. Zamani gugu la maziwa lilinusurika jembe na kuchipua tena katikati ya mistari. Dawa ile haikuliacha. Watafiti wawili, John Pleasants na Karen Oberhauser, walikadiria kwamba kati ya 1999 na 2010 gugu hilo lilipungua kwa asilimia 58 katika majimbo ya kilimo ya katikati ya Marekani. Ukame na mabadiliko ya hali ya hewa navyo vimechangia. Hata hivyo, masikini alikatazwa shoka mapema, na tajiri akaachiwa bomba lake la dawa.

Msimu wa 2024/25 vipepeo walifunika hekta 1.79. Ni nafuu, lakini bado ni mbali na hekta 18. Siku hizi wapo Wamarekani wanaolipanda gugu hilo kwenye bustani zao, gugu lile lile ambalo baba zao walilipalilia.

Afrika Mashariki nasi tunaye kipepeo wa ukoo huo, wa rangi hiyo hiyo ya machungwa, na viwavi wake nao hula mimea ya utomvu mweupe. Mimea hiyo huota viwanjani na kando ya barabara, mahali ambapo sisi watu wa mjini tukiona jani tusilolipanda tunaita kichaka na kutafuta mtu wa kufyeka. Kabla ya kumlipa, tuyageuze majani tuangalie upande wa chini. Huenda yamo mayai.