Kilo ngapi za mashudu? Hesabu ya kiangazi kwa ng'ombe wa maziwa

Kiangazi kimeshika Dodoma na Singida. Malisho yamekauka, shambani yamebaki mabua, na ng'ombe wa maziwa ameanza kupunguza. Wakati huohuo mashine za kukamua alizeti zinanguruma na magunia ya mashudu yamepangwa hadi nje. Ni msimu wa kuchanganya chakula cha ziada nyumbani, na ndipo wafugaji wengi hukosea: wanapima kwa debe. Debe la pumba na debe la mashudu hayana uzito mmoja.

Mizani kwanza, kisha kalamu.

Chakula cha ziada cha ng'ombe anayekamuliwa hulengwa kiwe na protini ya takribani asilimia 16. Pumba za mahindi huwa na kama 10. Mashudu ya alizeti tuyape 25. Katika mchanganyiko wa kilo 100, kilo 3 ni za madini na chumvi. Hazina protini, lakini zinakula nafasi. Zinabaki kilo 97 za kugawana kati ya pumba (P) na mashudu (M):

P + M = 97
10P + 25M = 1,600

Mstari wa kwanza unahesabu uzito, wa pili protini. Ile 1,600 ni kilo 100 mara 16, kwani asilimia zimeandikwa kama namba nzima. Mfugaji azidishe mstari wa kwanza kwa 10, apate 10P + 10M = 970. Akiutoa kwenye wa pili, P inafutika na kubaki 15M = 630. Kwa hiyo mashudu ni kilo 42, pumba kilo 55. Ahakiki: pumba zinaleta kilo 5.5 za protini, mashudu 10.5. Jumla 16.

Shida ni kwamba mashudu si kitu kimoja. Yale yenye maganda mengi hushuka protini, pengine hadi asilimia 20. Mfugaji akibaki na vipimo vyake vya 55 kwa 42, ng'ombe atapata asilimia 13.9 tu, na upungufu utaonekana kwenye ndoo ya maziwa. Akirudia hesabu kwa 20 badala ya 25, mashudu yanapanda hadi kilo 63 na pumba zinashuka hadi 34. Gunia la bei nafuu sasa linahitajika nusu zaidi, na maganda yake yanajaza tumbo bila kushibisha.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, kipande kimoja kivunjwe mkononi. Maganda meusi yakijitokeza kwa wingi, bei ijadiliwe upya. Chenye ukungu au harufu ya uvundo kiachwe palepale, kwani sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi.

Wakati wa kuchanganya, madini na chumvi vikorogwe kwanza na pumba kidogo kwenye beseni, ndipo vimwagwe juu ya lundo kwenye turubai na kugeuzwa kwa koleo mara tatu au nne. Ng'ombe azoeshwe taratibu kwa wiki moja hadi mbili, huku lita za asubuhi na jioni zikiandikwa kila siku kwenye kalenda ya ukutani.