Chotara wa Mbwamwitu Akifika Hifadhini: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya ni ya kila atakayeshika zamu ya kumpokea chotara wa mbwa na mbwamwitu wa kijivu, yule wa nchi za kaskazini. (Mbwa mwitu wenye mabaka wa Afrika hawazaliani na mbwa wa nyumbani.) Hifadhi kama Wild Spirit Wolf Sanctuary ya New Mexico, Marekani, na Yamnuska Wolfdog Sanctuary ya Alberta, Canada, zipo kwa sababu watu hununua vitoto kwa uzuri wa macho, kisha huwachoka wakikomaa, wakiwa na miaka miwili au mitatu. Mnyama hana kosa hapo.

Mwache ajifiche. Damu ya mbwamwitu huogopa kila kitu kigeni: ndoo mpya, kofia, sauti ya gari. Akijibanza nyuma ya kibanda siku nzima, hajakukataa wala si mgonjwa wa akili. Weka maji na nyama mbichi, ondoka. Ukirudi, kaa chini mbali naye, mgeuzie ubavu, usimkazie macho. Yeye ndiye atakayeamua siku ya kuja kukunusa, na huenda asije kamwe. Bado atakuwa amepata makao. Anayetaka kupendwa upesi na atafute kazi nyingine, kwa maana hapa mapenzi ya mhudumu hupimwa kwa maji safi na lango lililofungwa.

Usimnyooshee mkono kupitia wavu. Si wewe, si mwanao, si mfadhili mwenye kamera. Marekani hakuna chanjo ya kichaa cha mbwa iliyoidhinishwa rasmi kwa chotara hawa. Hata akichanjwa, sheria inaweza kumhesabu kuwa hajachanjwa. Akimng'ata mtu, mamlaka zinaweza kuamuru auawe ili ubongo wake upimwe, kwani kipimo cha uhakika hufanywa kwenye ubongo. Jeraha lako litashonwa na kupona. Yeye atakufa kwa sababu ulitaka picha. Mgeni akibisha juu ya hili, mtoe nje.

Usimhukumu kwa sura. Mbwa wengi aina ya husky na malamute huuzwa kwa jina la mbwamwitu ili bei ipande. Peleka sampuli ya vinasaba, tazama mwenendo wake, ndipo uamue. Mwenye damu kidogo ya mbwamwitu anaweza kupata familia inayofaa, pale sheria inaporuhusu. Mwenye damu nyingi abaki hifadhini maisha yake yote.

Kagua uzio kila asubuhi. Urefu usipungue mita 2.4, na wavu mwingine ulazwe ardhini kando yake, maana wanachimba. Malango yawe mawili, na la pili lisifunguliwe kabla ya la kwanza kufungwa.

Mpe mwenzake. Huyu ni mnyama wa kundi. Upweke humtesa kuliko njaa. Waweke kwanza pande mbili za wavu, wazoeane. Usiwaunganishe kabla daktari wa mifugo hajahakikisha kwamba hawawezi kuzaa. Msimu wa kupandana, Januari hadi Machi, hata waliozoeana hubadilika, basi usiingie peke yako.

Usizalishe, hata mara moja. Global Federation of Animal Sanctuaries, shirikisho lililoanzishwa 2007, halithibitishi hifadhi inayozalisha au kufanya biashara ya wanyama wake. Wala usidanganywe na anayeita hifadhi mahali panapotoza watu pesa ili wabebe vitoto. Pale ni dukani.

Usimwachie porini. Hakufundishwa kuwinda, hana kundi, na njaa itampeleka kwenye nyumba za watu apigwe risasi. Akisalimika, anaweza kuchanganya damu yake na ya mbwamwitu wa porini.

Nawe unayemleta: sema kweli. Kama aliwahi kung'ata, kuua mbuzi wa jirani au kuvunja uzio, tamka. Ukificha, unamhatarisha mtu atakayemlisha kesho, na mnyama mwenyewe.

Kataa kama huna nafasi. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 12, na kila siku anataka nyama. Kumbana kwenye ua uliojaa ni kuwachokoza wote wapigane. Zipigie simu hifadhi nyingine siku hiyohiyo, usimwache mwenye mnyama ahangaike peke yake. Na mwambie waziwazi: banda la mbwa la manispaa likikatazwa na sheria kumgawa chotara, wengi wao huishia kwenye sindano ya kifo.